Ukoo wa Lamis

Jina lilikuwa limeshaandikwa kabla Raifa hajagusa kitu.

Alikuwa ameketi mezani kwake, feni inampulizia shingoni, glasi ya chai mkono mmoja, kipanya cha kompyuta mkono wa pili. Ndani ya mchezo mtoto alikuwa ndiyo kwanza azaliwe. Kile kidirisha kinachouliza mtoto aitwe nani kikafunguka kama siku zote, ila safari hii hakikuwa kitupu. Kilikuwa kimeandikwa Lamis.

"Hebu," alisema Raifa peke yake. Akafuta. Akaandika Jihan, akabonyeza. Kitanda cha mtoto kikatokea kwenye chumba cha mbele, na juu yake jina: Lamis.

Mtu mwingine angezima mashine akaenda zake jikoni kukaanga biringani. Raifa hakuzima. Alilitazama lile jina, na badala ya kushtuka akatabasamu, akasema, "Haya, kama unalitaka, chukua." Jamani, mwanamke mwenye akili zake, anazungumza na kioo mchana kweupe, tena anakipa ruhusa!

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, hauna kushinda wala kushindwa. Unajenga nyumba, unatengeneza watu (wazee wakisikia neno hilo husema astaghfirullah, na wana haki yao), unawalisha, unawalaza, unawaoza. Wanazaa, wanazeeka, wanakufa. Wewe unaendelea na watoto wao, kisha na watoto wa watoto wao, mpaka uchoke wewe au ife mashine. Raifa alikuwa ameshafika kwa vitukuu. Lamis wa kwanza, yule aliyeanzisha ukoo, aliota mvi, akashika mkongojo, akafia kibarazani siku ambayo mle mchezoni mvua ilikuwa ikinyesha. Raifa alimzika bustanini chini ya mlimau, akalia machozi ya kweli, mpaka mumewe Izzat akamuuliza kama vitunguu vya mwaka huu vimezidi ukali.

Huyu Lamis hakutoka hewani. Miaka sita nyuma Raifa alizaa mtoto wa kike. Kitoto kikakaa duniani siku chache tu, kikafa kabla ya siku ya saba, ile siku ambayo pale Tanta, mji wao huko Misri, mtoto hulazwa kwenye ungo, akagongewa kinu cha shaba karibu na sikio, chumvi ikamwagwa nyumba nzima kuwafukuza wasioalikwa, na jina likatangazwa. Raifa alikuwa na jina lake moyoni. Mama mkwe wake, Hajja Insaf, akamwambia, "Halijatangazwa, kwa hiyo halipo. Mtoto asiye na jina hakaliwi matanga." Izzat na ndugu yake Hamdi wakakibeba kile kifurushi makaburini, wakarudi kabla ya adhuhuri. Jioni Hajja akaleta majani ya kabichi ya kumkaushia maziwa kifuani, na majirani wakaambiwa Raifa ana homa.

Miaka sita! Na Izzat, mwanamume mzima na masharubu yake, hakulitaja lile jina hata siku moja, kwa sababu mama yake hapendi.

Basi binti wa dada yake Raifa alipomwekea mchezo ule kwenye kompyuta, mtu wa kwanza aliyemtengeneza Raifa alikuwa Lamis, mtoto mchanga, nyusi za Izzat, kidevu cha Raifa. Na ilipofika siku ya saba kwa kalenda ya mchezo, mchana Izzat yuko kazini, Raifa alitoa kinu cha shaba kabatini, akakiweka kando ya kompyuta, akakigonga kama kinavyogongwa, na akasema maneno kama yanavyosemwa. "Lamis, msikilize mama yako, usimsikilize baba yako! Msikilize mama yako, usimsikilize bibi yako!" Akacheka, akalia, akapiga vigelegele vya chinichini ili majirani wasisikie. Kila kitu alikifanya kwa utaratibu wake, kasoro chumvi. Chumvi aliichota, ikawa mkononi kabisa. Akaiangalia kompyuta, vitufe vyake na mianya yake, akairudisha kwenye kopo. Nani amwage chumvi juu ya kompyuta?

Hilo ndilo kosa lake, na mengine yote yalitokana nalo.

* * *

Nyumba yao ilikuwa nyumba ya familia: chini Hajja Insaf, ghorofa ya kwanza Hamdi na mkewe Ghada, ghorofa ya pili Izzat na Raifa, darini njiwa. Juzi yake Ghada alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza anayepumua, na jengo zima lilinukia samli. Kilio cha kitoto kilipanda kwa ngazi, kwa dirisha, kwa bomba la maji, mchana kutwa.

Raifa alitengeneza mughati, kile kinywaji kizito cha samli na karanga anachopewa mzazi, akashuka nacho kwenye sinia. Mlango ukafunguliwa na Hajja Insaf, tena kidogo tu.

"Weka hapo chini, mwanangu. Mtoto amelala."

Mtoto alikuwa akilia wazi.

"Nimuone tu, mama. Simshiki."

"Utamuona siku ya saba, kama watu wote."

Kutoka ndani Ghada akaita, "Mama, mwache dada Raifa aingie bwana, si mgeni huyo!"

Hajja hakugeuka. Akashusha sauti, akawa kama anampa siri. "Kuna watu macho yao mazito na wenyewe hawajui. Simsemi mtu. Namlinda mjukuu wangu."

Raifa akaweka sinia chini. Alipanda ngazi shingo imemkaza kwa hasira, akaketi mbele ya kompyuta, akamtafuta Hajja Insaf wa kwenye mchezo. Ndiyo, alikuwamo. Raifa alikuwa amemtengeneza zamani, mtandio wake, bangili zake, akamfanya asife, na kazi yake mle ndani ilikuwa kufagia. Sasa akamwita aingie kwenye chumba kidogo cha nyuma, akambonyezea kuta nne, akaondoa mlango.

"Kaa humo," alisema. "Uone raha ya kufungiwa mlango."

Chini kitoto kikapandisha kilio. Raifa akajishika kichwa. Maneno yakamtoka yenyewe, ya uchungu, ya mtu anayesema kwa kuwa hakuna anayemsikia. "Maziwa ya Ghada yanamwagika mpaka kwenye kanga, na mimi yangu niliyakausha kwa kabichi. Ungekuwa wewe, mwanangu, ungepata haki yako. Na hicho nacho kingenyamaza tu, kichwa kinanipasuka."

Ndani ya mchezo yule mtoto mchanga akageuza uso kitandani. Akatazama mbele, nje ya kioo, na akaweka kiganja sikioni, kama mtu anayesikiliza. Raifa aliujua mchezo ule ndani nje, na watoto wachanga hawakuwa na kitendo hicho.

Chini kilio kikakatika ghafla.

* * *

Umeme ulikatwa alasiri, saa yake ileile ya kiangazi. Feni ikazunguka kidogo kwa uvivu, ikasimama. Friji ikanyamaza. Kompyuta haikuzima. Betri yake ilikufa tangu msimu wa baridi, na mtu akichomoa waya tu ilikuwa inazimika papo hapo, lakini kioo kikabaki kinawaka, na mle ndani watu wa ukoo wa Lamis wakaacha kupika na kufagia, wakatoka mmoja mmoja wakaja kusimama uani, nyuso mbele.

Ndipo Hajja Insaf alipopiga kelele.

Hamdi alikuwa kazini, Izzat pia. Raifa na Ghada wakashuka mbio, Ghada amejishika tumbo. Sauti ilitoka chumbani kwa Hajja. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Raifa akausukuma kwa kidole, ukafunguka. Bibi alikuwa amepiga magoti ukutani, kucha zimejaa chokaa.

"Mlango haukuwepo," alisema. "Nimepapasa kuta zote. Wallahi haukuwepo."

"Ni giza, mama," Ghada akambembeleza. "Pazia lilikuwa limefungwa."

Raifa alirudi juu, akamwekea yule Hajja wa mchezoni mlango wake, akafunga kompyuta na kuifunika kwa taulo. Alipoinama kuiweka chini ya kitanda akahisi ubaridi kifuani. Blauzi ilikuwa imelowa pande zote mbili. Akagusa, akanusa kidole, akakaa chini sakafuni. Maziwa. Mwanamke aliyezaa miaka sita iliyopita, ametoka maziwa.

Na harufu ile haikutoka kifuani kwake peke yake. Ilitoka chini ya kitanda, kwenye matundu ya kompyuta, maziwa ya mtu pamoja na udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Kuanzia siku ile Ghada maziwa yakamkauka. Wakamletea hulba, yaani uwatu wa kuleta maziwa, wakamletea supu ya njiwa, hakuna kitu. Maziwa ya kopo mtoto hakuyataka. Hamdi akampeleka hospitali akarudishwa, akampeleka kwa daktari binafsi naye akampima, akatikisa kichwa, akasema mtoto mzima, hana homa, hana ugonjwa. Mzima gani asiyelia? Raifa alikutana na Ghada kwenye ngazi, msichana wa watu macho yamevimba, nywele hazijachanwa.

"Dada Raifa," alinong'ona, "usimwambie mama kama nimekwambia. Hanyonyi. Halii. Nikimfinya halii. Analala chali macho wazi, anaangalia dari tu. Nikimgeuza anageuza shingo, anaangalia dari."

"Dari?"

"Palepale, mahali pamoja. Chini ya chumba chako."

Raifa akashika ukuta. Alitamani aseme, lakini aseme nini? Kwamba ana mtoto ndani ya kompyuta anayemnyonya mwanao?

* * *

Nyuma ya reli aliishi Umm Barka, mwanamke wa kabila la kusini, mrefu, mweusi tii, ambaye ujanani aliongoza ngoma za kupunga majini na sasa aliuza uzi na vifungo. Raifa alimkuta dukani kwake adhuhuri, anavuta sigara. Akamweleza yote bila kumtazama usoni.

"Ulimgongea kinu?" aliuliza Umm Barka.

"Nilimgongea."

"Ukamwambia amsikilize nani?"

"Mimi."

"Na chumvi?"

Raifa akatazama vifungo.

"Chumvi, mwanangu?"

"Ingeharibu kompyuta."

Umm Barka alicheka mpaka akapaliwa na moshi, akajipiga kifua, akafuta machozi. Kicheko kilipoisha uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo.

"Mtoto akianguka chini unamwambiaje?"

"Jina la Mungu likuzunguke, wewe na dada yako."

"Na huyo dada ulidhani ni nani? Kila anayezaliwa juu, chini ya ardhi huzaliwa mwenzake saa ileile. Wako alikufa. Mwenzake hakufa. Amekaa huko chini hana jina, hana anayemwita, hana pa kwenda. Wewe ukamwita. Ukampa jina, ukamwambia msikilize mama yako, ukamwachia na mlango bila chembe ya chumvi. Sasa anasikiliza. Ulitaka afanye nini?"

"Sikumwambia amdhuru mtoto!"

"Ulimwambia nini?"

Raifa akakumbuka. Masikio yakamwaka moto kwa aibu. "Nilisema kingenyamaza."

"Si kimenyamaza?" Umm Barka akazima sigara. "Siku ya saba yake lini?"

"Kesho."

"Basi ni leo. Anakutii wewe tu, mimi nikija na ngoma zangu zote atanicheka. Mvue jina, ndilo analoshikilia. Futa ukoo wote, wadogo kwa wakubwa, na lile kaburi usiliache. Mkataze kukuita mama. Kisha chumvi, na safari hii usiionee huruma mashine. Akishatoka usimpe kitu kwa mkono wako, hata maji ya kunywa. Ukimpa kitu amekuwa mgeni wako, na mgeni wa namna ile haagi."

Raifa alisimama, akakaa tena. "Nikimfukuza sitamwona tena mwanangu."

"Mle ndani hukumwona hata mara moja," alisema Umm Barka, si kwa ukali. "Nenda. Kuna mtoto wa mtu anangoja."

* * *

Alipoitoa kompyuta chini ya kitanda na kuondoa taulo, ilikuwa inawaka. Dirisha lilikuwa wazi, jua la alasiri limejaa chumbani, muuza mafuta ya taa anagonga mtungi wake barabarani. Mle ndani ukoo mzima ulikuwa uani: wana, wajukuu, kitukuu kikiwa kimesimama kwa miguu yake ingawa hakikuwa kimefikia umri wa kusimama, na nyuma yao, chini ya mlimau, Lamis wa kwanza na mvi zake, aliyekuwa amekufa. Wote viganja masikioni. Wote wanangoja waambiwe.

Akapiga moyo konde, akaanza na wale wasiokuwa na damu ya Lamis, waume na wake waliooa na kuolewa mle, Hajja wa mchezoni naye, na kila mmoja kidirisha kikamuuliza kama ana hakika, naye akabonyeza ndiyo. Kisha akafika kwa wajukuu, ambao alikuwa amewatengenezea vitanda na kuwatafutia kazi na kuwapikia keki za sherehe zao, na hapo mkono ukaanza kuwa mzito, na sauti ikatoka kwenye kompyuta, kwanza ile lugha ya ovyo ya watu wa mchezoni isiyo na maana, kisha polepole ikawa sauti ya mtoto wa kike anayesema Kiarabu cha Tanta, cha mtaani kwao, cha nyumbani kwao.

"Mama, nimekosea wapi? Mimi si nilisikiliza?"

Raifa akauma mdomo mpaka ukatoka damu, akabonyeza, na harufu ya maziwa na udongo ikapanda chumbani mpaka ikamkaa ulimini, na kifua kikamvimba kikamuuma kama siku zile, na blauzi ikalowa tena, na chini ya miguu yake, kupitia zege, akahisi kitu kinagonga taratibu, si kwa hasira, bali kama mtoto anavyogonga mlango wa chumba cha wazazi wake akiwa na hakika kwamba atafunguliwa, na sauti ikaendelea kumwambia, bila kulia, "Yule alikaa siku chache akakuacha, mama. Mimi nimebaki. Nimekuzalia wajukuu. Nimekuletea maziwa yako. Nikakifunga na kile kilio ili kichwa kisikuume. Niambie kingine, mama, nitafanya," na Raifa, ambaye kwa miaka sita hakuwa ameambiwa mama na mtu yeyote, akalisikia lile neno likimwingia mwilini, akajua kwamba akilisikia mara moja zaidi hataweza, kwamba atamwacha mtoto wa Ghada aende na maji, Mungu amsamehe, na kwa kujua hivyo akapiga ukelele ambao hata barabarani waliusikia.

"Usiniite mama! Hilo jina si lako! Lamis ni mwanangu, na mwanangu amekufa!"

Kugonga kukakoma.

"Mwachilie mtoto wa watu," alisema, na sasa alikuwa akilia. "Umekuwa msikivu kuliko wote. Kosa ni langu, si lako. Mwachilie, uende."

Akafuta kitukuu. Akafuta kaburi. Kidirisha kikamuuliza kama ana hakika, akabonyeza ndiyo, akachukua kopo la chumvi akalimimina lote juu ya vitufe, ndani ya mianya, mpaka kopo likawa tupu. Kompyuta ikatoa mlio mwembamba, ikazimika.

Halafu ghorofa ya kwanza kitoto kikalia, kilio kikavu cha koo lisilotumika, kisha kilio cha kweli, cha njaa, cha hasira, na Ghada akapiga kelele, "Maziwa! Jamani, maziwa!" na vigelegele vikapasuka jengo zima.

Raifa alikaa sakafuni katikati ya chumvi akavisikiliza.

* * *

Hajja Insaf alisema ni ubani wake. Alikuwa amefukiza siku tatu mfululizo, na mwenye macho mazito, bila kumsema mtu, ameshindwa.

Izzat aliporudi akaiona kompyuta, akaguna. "Umeikaanga au umeichachusha?"

"Imekufa."

"Alhamdulillah. Sasa labda utawapikia watu wanaokula kweli." Alikuwa na furaha, mpwa wake amepona, alitaka utani. Akakuta mkewe anamtazama tu.

"Izzat. Mwanetu alikuwa anaitwa Lamis."

"Raifa, si leo. Kesho tuna sherehe ya mtoto."

"Litaje. Mara moja, basi. Nitaridhika."

Izzat akatazama mlango, akashusha sauti. "Mama atasikia."

Hilo ndilo jibu alilompa. Raifa akatikisa kichwa polepole, akaenda kulala.

Siku ya saba jengo likajaa. Wageni walipanda na karanga, na pipi, na mishumaa, kinu kikagongwa, watoto wakaimba. Ghorofa ya pili Raifa alikuwa amevaa nyeusi. Alifungua mlango wake ukawa wazi kabisa, kama inavyofanywa kwenye msiba, akapanga viti vyote alivyonavyo kuzunguka ukuta, akaweka Kurani isome kwenye simu kwa sauti ya chini, akapika kahawa isiyo na sukari. Kila aliyepita chini na kuuliza alimwambia kwa ngazi, "Nakaa matanga ya mwanangu Lamis. Karibuni."

Wageni walifika ghorofa ya kwanza wakaingia huko. Wachache waliinua macho, wakanong'ona, wakaingia. Izzat alipanda nusu ya ngazi, akamuona amekaa, akarudi alikotoka. Kahawa ikapoa, akaipasha. Alasiri ikafika. Hakuna aliyekuja.

Kisha akasikia nyayo. Nyayo tupu, ndogo, zenye majimaji, zinapanda kutoka chini kabisa. Zilifika ghorofa ya kwanza, kwenye ngoma na vigelegele, hazikusimama. Zikaendelea kupanda. Mlangoni hakukuwa na mtu. Sakafuni palibaki alama za udongo, zikaelekea kwenye kiti kilicho mbele yake, na mto wa kile kiti ukabonyea. Maziwa na udongo. Raifa nywele zilimsimama mwili mzima, lakini hakuinuka.

Kwenye meza kulikuwa na kikombe alichokuwa amejimiminia mwenyewe na hakukigusa. Kahawa iliyokuwa ndani yake ikaanza kushuka, taratibu, kwa adabu, mpaka likabaki tope chini.

"Pole kwa msiba, Bi Raifa," sauti ilisema. Haikusema mama. Ilikuwa imekatazwa. "Mungu akupe subira. Alikuwa dada yangu."

Raifa akafumba macho, machozi yakamtiririka mpaka kidevuni. Katika nyumba ile yote, yenye watu wote wale, huyu ndiye aliyekuja.

Akasikiliza chini. Akasikiliza kwa makini, pumzi ameizuia, mpaka akakisikia kile kitoto kikilia kwa nguvu zake zote, na Ghada akikichekea. Basi akainua birika, akamimina kahawa kikombe cha pili, akakinyoosha mbele kwa mkono wake.

"Karibu," alisema. "Kaa."